Mwalimu mkuu, hamia dawati la nyuma

Mwaka wangu wa kwanza wa ukuu wa shule nilizunguka na fomu ya ukaguzi yenye vipengele zaidi ya thelathini: usafi wa ubao, andalio la somo, zana, sauti, hata mavazi. Naingia kwa miadi, nakaa mbele pembeni, naweka vema. Siku moja kiti cha mbele kilikuwa kimevunjika, nikajibana nyuma na wanafunzi. Somo lilikuwa moto kwelikweli, mikono juu, majibu sahihi mfululizo. Nikafunua daftari la mtoto wa ubavuni mwangu. Somo lile lile, mifano ile ile, tarehe ya jana.

Sikumlaumu mwalimu. Fomu yangu iliomba maonyesho, naye akaniandalia maonyesho.

Toka hapo niliiacha fomu. Ukitaka kujaribu njia yangu, anza na ratiba yako mwenyewe: ziara mbili kwa siku, dakika kumi au kumi na tano kila moja, asubuhi kabla hujagusa barua. Ukisema utakwenda ukipata nafasi, hutakwenda. Kaa nyuma, na mtazame mtoto kuliko unavyomtazama mwalimu. Wakati wa zoezi, mnong'oneze mmoja: "Hapa unafanya nini, na kwa nini?" Akijibu "nanakili ubaoni," umeshajua jambo ambalo andalio la somo lisingekuambia.

Kisha omba madaftari matatu: la anayeongoza, la wa katikati, la anayeburuta mkia. Usihesabu vema za wino mwekundu. Tafuta kosa la mwanzoni mwa daftari, ufunue mbele uone kama bado lipo. Kama lipo, basi ule wino mwekundu haukumfikia mtoto.

Beba saa pia. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kuwa walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtu mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza. Sekunde 3 kwenye karatasi ni kidogo. Ukiwa umesimama mbele ya darasa lililonyamaza, ni ndefu kama foleni. Hesabu, uandike, na uweke alama kila mtoto anapojibu. Mara nyingi utakuta kipindi kizima kimebebwa na wanne.

Mazungumzo yafanyike siku hiyo hiyo, ninyi wawili tu, tena ikiwezekana mkiwa mnatembea, maana ofisini kwako mwalimu huketi kama mshtakiwa. Anza na ulichokiona kwa mtoto: "Yule wa dirishani alikwama hatua ya pili, hakuuliza." Kubalianeni jambo moja la kubadili. Moja! Mambo saba ni sawa na hakuna. Halafu urudi wiki inayofuata kulitazama hilo tu. Hapa ndipo wengi wetu tunapolegea. Na ukiyaweka maneno hayo kwenye faili lake, maonyesho yatarudi kesho yake.

Nawe ujifunze pamoja nao. Mtafiti wa elimu, Viviane Robinson, na wenzake, katika uchambuzi wao wa mwaka 2008, walikuta kuwa kati ya mambo ya uongozi waliyoyapima, lililohusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi ni kiongozi kuhimiza mafunzo ya walimu na kushiriki mwenyewe. Nilichukua kipindi kimoja kwa wiki, nikawaalika walimu wanitazame. Kijana mmoja mgeni kazini alinipimia kwa saa yake: mimi, mhubiri wa sekunde 3, sikufika hata 1. Walicheka, nikacheka, na wiki ile watatu wakaniita madarasani mwao bila kuombwa.

Matangazo yabandikeni ukutani. Muda wa kikao utumike kutandaza madaftari mezani na kuulizana mtoto huyu alipotelea wapi. Vipindi navyo vilindwe. Mwizi mkubwa wa vipindi shuleni kwangu nilikuwa mimi, kwa kutuma mtoto amwite mwalimu aje kusaini karatasi ambayo ingeweza kusubiri mapumziko.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa ziara. Usianze na mwalimu anayeyumba, wenzake watasema umekwenda kumtafutia sababu. Anza na yule anayeheshimiwa chumba cha walimu, mwenye kujiamini. Akirudi mapumziko na kusema, "Aliniuliza kuhusu mtoto wa dirishani, basi," milango mingine haitakuwa migumu.