Jirani yako Mjaini akiwa kwenye Paryushan, usimpelekee sahani magharibi

Kwanza tuwekane sawa, hapa Unguja kila Mhindi asokula nyama tunamwita baniani basi, lakini Wajaini wana dini yao mbali na Wahindu, na sikukuu yao kubwa ni Paryushan, inakuja mwezi wa nane au wa tisa hivi. Wana madhehebu mawili makubwa: Washvetambara wanaishika siku 8, Wadigambara 10. Wala si sikukuu ya nguo mpya na pilau, ni siku za kufunga, kusikiliza vitabu vya dini na kujihesabu umemkosea nani.

Mwaka mmoja nilipakana mlango na mama wa Kigujarati, huko Kiponda, kaja kumtembelea mwanawe, nikasikia kafunga, nikasema nimfuturishe. Nikapika dengu safi, hamna nyama hamna kitunguu, adhana ya magharibi inalia mie nishagonga mlango na bakuli. Kumbe wao kinyume chetu, jua likizama ndo hawali! Na aliyefunga hasa anakunywa maji tu, yaliyochemshwa, tena mchana, wapo wanaomaliza siku zote 8 hivohivo. Wengine wanakula mlo mmoja kwa siku. Kwahivyo kabla hujawasha jiko muulize, "mama leo unakula au umefunga?", hakasiriki mtu.

Kama anakula, peleka mchana. Kila kinachochimbwa chini acha: mbatata, muhogo, majimbi, karoti, vitunguu, thomu, hata tangawizi mbichi (ya unga haina neno, na zile dengu zangu nilizijaza mbichi, basi ilikuwa makosa juu ya makosa). Wanasema ukiing'oa mizizi umeua mmea mzima na vidudu vinavyoishi humo. Urojo basi sahau. Samaki, mayai, asali usitaje kabisa, na siku hizo za Paryushan wengi wanaacha hata mboga za majani, mchicha wako ule mwenyewe. Kinachobaki ni wali, choroko, dengu, chapati, maziwa, na kipikwe siku hiyohiyo maana mwiku hawagusi, sufuria nayo isiwe ile ya mchuzi wa samaki.

Ukiwa kwake ukaona mende, usivue ndala. Mwache apite.

Siku ya mwisho, kwa Washvetambara, inaitwa Samvatsari na hii ndo yenyewe. Wanamwendea kila mtu, mkubwa mdogo, wanasema "micchami dukkadam", yaani mabaya yangu yote yafutike, nisamehe. Kama sisi tunavyoombana radhi Ramadhani ikikaribia, ila wao wanaomba msamaha mpaka kwa wanyama na wadudu. Jibu lake ni maneno hayohayo, unaunganisha viganja kifuani unamrudishia. Mie aliponambia pale mlangoni nilidhani ananiaga, nikamjibu "haya mama, safari njema", na yeye safari yake bado wiki nzima.