Mwalimu mkuu, ari ya walimu ianzie kikaoni

Mimi ni mwalimu mkuu, na nikitaka kupima ari ya walimu siangalii daftari la mahudhurio; naangalia kikao. Mahali ambapo mkubwa hapingwi, wataitikia kila kitu, kisha wanung'unike koridoni. Kwa hiyo usitangulie kusema. Gawa ajenda siku mbili kabla, anza na mwalimu mgeni kuliko wote, wewe malizia. Lakini walimu wakongwe waendee faraghani kwanza, wasijione wamevunjiwa heshima mbele ya vijana.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanataja mahitaji matatu yanayolisha ari: uhuru wa kuamua, kujiona unaweza, na kuwa karibu na wenzako. La kwanza ndilo wakuu wengi tunalibana. Mwachie mwalimu wa hesabu apange mazoezi yake mwenyewe. Wewe kagua madaftari ya wanafunzi, si mihuri kwenye andalio la somo.

Sifa nazo zina adabu zake. Kuna anayefurahia kusifiwa hadharani, kuna anayeogopa kijicho. Ukiwa na shaka, mwite pembeni umwambie ulichokiona hasa: "Lile swali ulilomrudishia mtoto wa nyuma lilimfungua."

Mishahara ikichelewa, usihutubie kuhusu wito. Fuatilia, uwape taarifa.