Kufungua tena kinyozi: dawa ya kupangusia viti

Kenya, mwaka 2020, wakati wa korona: matatu ya abiria 14 inabeba 8, na kinyozi nacho kinafungua kwa masharti. Ndoo ya kunawia mlangoni ni kazi rahisi. Wengi hukosea kwenye dawa.

Soma chupa ya Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) kwanza. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, pima vijiko 2 vya chakula (mililita 30) kwa lita moja ya maji baridi. Maji moto huiharibu. Osha kiti kwa sabuni kabla, kwani mafuta na nywele humaliza nguvu ya klorini. Pangusa mpaka pawe chepechepe, ngoja angalau dakika moja, kisha futa kwa maji, la sivyo rexine (ngozi bandia ya kiti) itapasuka.

Changanya mpya kila asubuhi. Usiongeze dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu.

Mashine ya kunyolea usiiguse na Jik, meno yataota kutu. Chomoa waya, piga brashi, kisha spiriti ya asilimia 70, na uiache ikauke yenyewe. Kupuliza kwa mdomo, ole wako.