Ukimtafsiri Ronit Elkabetz, jifunze kwanza kunyamaza

Mimi ni mtafsiri wa filamu, wa kipaza sauti, si wa kalamu. Nilianzia kibanda umiza cha Majengo hapa Dodoma, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kuwa hata kioo kikinyamaza, mimi sinyamazi. Stelingi akivuta pumzi tu, nadakia: "Hapo anawaza, jamani, adui ataingilia mlango upi." Watu wanacheka, benchi zinajaa.

Kisha kikundi cha vikoba cha akina mama wa Chang'ombe kikaniomba niwaletee filamu ya talaka, "ila isiwe ya kurogana." Niliwapelekea Gett, ya mwigizaji na mwongozaji wa Israeli, Ronit Elkabetz. Nimeionyesha mara nne sasa. Mara ya kwanza niliiharibu kwa mdomo wangu, na ndiyo maana nakuandikia wewe unayetaka kuipeleka mtaani kwako.

Kabla ya kubonyeza chochote, waeleze watu huyu mama ni nani. Dakika kumi zinatosha, ukizidisha watoto wataanza kukimbizana. Mimi naanza hivi: alizaliwa Novemba 1964 Beersheba, mji ulio ukingoni mwa jangwa la Negev. Hapo huhitaji kuongeza neno, vumbi tunalijua. Wazazi wake ni Wayahudi waliotoka Essaouira, Morocco. Baba alifanya kazi posta, mama alikuwa msusi. Yeye ndiye kifungua mimba wa watoto wanne, akakulia Kiryat Yam, karibu na Haifa. Hakupita chuo cha uigizaji. Alikuwa mwanamitindo, akaingia kwenye filamu mwaka 1990, na kufikia 1994 alikuwa amepata tuzo ya Ophir, ambayo ndiyo kubwa ya filamu kwao, kwa filamu ya Sh'Chur. Aliipata tena 2001 na 2007.

Usiruke habari ya Paris. Mwaka 1997, akiwa tayari nyota nyumbani, alihamia Ufaransa, akajifunza kwenye kundi la maigizo ya jukwaani la Théâtre du Soleil la Ariane Mnouchkine, na ili apate kula akawa mhudumu wa mgahawa. Akina mama huguna hapo. Nusu yao wameuza chakula stendi, wanajua maana ya kubeba sahani huku kichwani una jambo jingine.

Sasa sehemu inayotaka maandalizi kweli: talaka yenyewe. Filamu inahusu Viviane Amsalem, anayeigizwa na Ronit mwenyewe, anayeomba talaka kwa miaka mitano. Usipoeleza sheria mapema, dakika ya ishirini mtu atapaza sauti, "Kwani kwao hakuna Mahakama ya Mwanzo?" na hutampata tena. Kwa hiyo sema wazi: Israeli, ndoa na talaka za Wayahudi ziko mikononi mwa mahakama za marabi, yaani viongozi wao wa dini. Hati ya talaka inaitwa get, na lazima mume aitoe kwa hiari yake. Marabi wanaweza kumshawishi, hata kumbana, lakini hawawezi kuitoa badala yake. Akisema hapana, mke anabaki mke.

Kisha ulinganishe na kwetu, maana ukumbi wako utakuwa na watu wa kila namna. Waislamu watakutajia talaka na khului. Waliofunga ndoa kanisani watakaa kimya kidogo. Wote wakumbushe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: unaanzia baraza la usuluhishi, likishindwa unakwenda mahakamani, na hakimu akiridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika anaivunja, mume apende asipende. Tofauti iko hapo tu, na filamu nzima imekaa juu ya tofauti hiyo.

Kutafsiri. Itazame mara tatu peke yako ukiwa na daftari. Mara ya kwanza usiandike kitu. Mara ya pili andika maneno yao. Mara ya tatu weka alama mahali ambapo hutasema chochote, na alama hizo ziwe nyingi kuliko unavyodhani. Nikuambie kosa langu. Filamu inaanza na wanaume wanaozungumza kuhusu Viviane, na kwa muda yeye mwenyewe humwoni. Mimi kwa mazoea nikaona pengo, nikalijaza: "Subirini, mwenye kesi anakuja sasa hivi!" Mama mmoja wa mbele akageuka bila hata kupandisha sauti: "Baba, tuache tumwone wenyewe." Niliona aibu hadi masikioni. Alikuwa ameelewa jambo ambalo mimi wa kipaza sauti sikulielewa. Wanaume wanamsema mtu asiyeonekana, na hilo ndilo waandishi walitaka ulione. Kamera ya filamu hii hukaa kwenye macho ya mmoja wa waliomo chumbani, akimtazama mwenzake. Ukiropoka, unajiongeza wewe kuwa mtu wa ziada mle ndani.

Kuna mahali anafungua nywele zake, rabi anamkaripia. Usitafsiri nywele. Tafsiri karipio, kisha kaa kimya. Mara ya pili nilipofanya hivyo niliona mitandio kadhaa ikiguswa gizani, hakuna aliyeagizwa.

Lugha nazo zinachanganyika. Viviane na mumewe Elisha wanaongea Kiebrania mbele ya marabi, lakini wanadondokea Kifaransa, na Kiarabu cha Morocco kimo. Nilikuwa nayasawazisha yote kuwa Kiswahili kimoja, nikapoteza nusu ya utamu. Sasa wakihamia lugha ya nyumbani napunguza sauti, naongea karibu na kipaza kama mtu anayemsemesha mwenzake jikoni. Mgogo yeyote anaelewa. Mama yangu alikuwa akinikanya kwa Kiswahili mbele ya wageni, ila ukisikia amebadili kuwa Kigogo ujue mambo yameharibika.

Na tafadhali, Elisha usimwite adui. Simon Abkarian anamwigiza kama mcha Mungu, mtu wa watu. Mashahidi wanamsifu. Akina mama watakuuliza, "Alikuwa anampiga?" Hapana. "Hakuleta matumizi?" Aliyaleta. Ukimfanya shetani umewarahisishia marabi kazi na umeipunguzia filamu uzito. Ukiigiza sauti ya Viviane nayo usiminye koo ukapiga kelele kama bata. Ronit ana sauti nzito, hata ya kwako ya kawaida inamfaa zaidi.

Ya vyombo nitapita haraka. Tafuta nakala halali na ruhusa ya kuonyesha hadharani, mwarifu mwenyekiti wa mtaa, anza saa mbili kasoro baada ya swala ya magharibi, maana filamu ni dakika 115 na watu wana kesho. Julai na Agosti upepo wa hapa unageuza shuka la kuonyeshea kuwa tanga la jahazi, kwa hiyo lifunge chini kwa mawe. Jenereta liwe mbali. Filamu ya mabomu inavumilia jenereta, hii haivumilii.

Taa zikiwaka ndipo uwaeleze kwamba Ronit aliandika na kuongoza pamoja na mdogo wake, Shlomi, na kwamba Gett ya 2014 ni ya tatu katika filamu zao za Viviane. Ya kwanza ilitoka 2004, Viviane akiwa bado nyumbani kwa mume. Ya pili, Shiva, ni ya 2008, familia imekaa matanga ya siku saba wakati wa Vita vya Ghuba vya 1991, wamevaa barakoa za gesi. Chanzo cha Viviane ni mama yao mzazi. Wakisikia hivyo wataanza kusimulia za mama zao, na hapo wewe kaa chini.

Wakiomba jioni nyingine, usiwaletee majonzi mfululizo. Wape ile ya 2007 ambamo bendi ya polisi wa Misri inapotea kwa kuchanganya majina mawili yanayofanana, inaishia mji mdogo wa jangwani, na Ronit ndiye mwenye mgahawa anayewapokea. Nimewahi kumpokea shangazi aliyetumwa Chang'ombe ya Dar akashukia ya Dodoma, kwa hiyo kwetu hiyo haihitaji utangulizi.

Kifo chake usikitaje kabla ya filamu, maana watamlilia mwigizaji badala ya kumsikiliza Viviane. Mimi nakisema mwisho, kipaza sauti kimezimwa, nikiwa nimeinama natoa mawe kwenye shuka: saratani, Aprili 2016, akiwa na miaka 51. Mara ya mwisho mama mmoja aliuliza kama aliacha watoto. Mapacha, nikamwambia, wa 2012. Akahesabu vidoleni. "Wa chekechea hao," akasema. Nikaendelea kukunja shuka.