Draivu ya DVD ya IDE: Ununue ya SATA au Uiache?

Jamaa mmoja anayechoma DVD za harusi aliniletea kompyuta yake ya Windows XP, anataka draivu ya SATA, ile mpya zaidi ya waya mwembamba. Ya IDE, ile ya zamani ya mkanda mpana, eti imechoka: DVD moja inakula zaidi ya nusu saa, na mausi inakwamakwama muda wote wa kuchoma. Aliondoka na draivu ileile, hela yake mfukoni. Kabla na wewe hujatoa yako, pitia hatua hizi.

1. Piga hesabu

Kasi ya 1x ya DVD ni MB 1.385 kwa sekunde, kwa hiyo 16x haifiki hata MB 23. IDE ikiwa UDMA/33 (mojawapo ya kasi zake) hupitisha hadi MB 33. SATA ya kwanza kabisa, MB 150. Kinachochelewesha ni mzunguko wa diski, na SATA haiwezi kuuharakisha. Blu-ray ni habari nyingine: 12x ni MB 54. Kama unaitaka, nenda hatua ya 3.

2. Angalia kama imeshuka hadi PIO

Hapa tulia. Windows XP ikihesabu makosa sita ya mawasiliano na draivu, huanza kushusha kasi ngazi kwa ngazi, mwisho inaangukia PIO, hali ya polepole kuliko zote. Diski zenye mikwaruzo zinatosha kabisa kuyaleta makosa hayo. Kwenye PIO prosesa ndiyo inayobeba data yote yenyewe, ndiyo maana mausi inakwama. Na kasi hairudi yenyewe, hata ukiweka diski mpya.

Fungua Run, andika devmgmt.msc. Chini ya "IDE ATA/ATAPI controllers" bofya mara mbili "Secondary IDE Channel" (DVD mara nyingi iko huko, ila angalia na Primary), kisha "Advanced Settings". Ukikuta "PIO Mode" mbele ya "Current Transfer Mode", mchawi ndiye huyo.

Wengi hapo huchagua "DMA if available" (DMA ni data kupita bila prosesa kuibeba) wakadhani yamekwisha. Kama tayari imechaguliwa na bado unasoma PIO, kuichagua tena hakusaidii. Bofya kulia kwenye channel hiyo, chagua Uninstall, zima uwashe. Windows itaitambua upya na kuanza hesabu ya makosa upya. Mafaili yako hayaguswi.

Ikirudi PIO tena, shuku mkanda. Tupa wenye nyaya 40, weka wenye nyaya 80; plagi ni ileile ya pini 40. Usizidi sentimita 46. Upande wa bluu unaingia kwenye mazabodi, mweusi kwenye draivu. Jampa (kiplagi kidogo nyuma ya draivu kinachoamua nafasi yake kwenye mkanda) mimi naweka Master; Cable Select, inayouachia mkanda uamue, siiamini. Na DVD usiiunganishe mkanda mmoja na "hard disk" ukiweza kuepuka.

Bado inarudi? Basi draivu imekufa kweli. Endelea.

3. Angalia mazabodi

Tafuta matundu madogo ya SATA, pini 7. Chipu za Intel za ICH5 hadi ICH7 zina IDE na SATA zote mbili. Kuanzia ICH8 ya 2006, Intel iliiondoa IDE, ndiyo maana bodi nyingi za baadaye zilibandikwa chipu ya pembeni kwa ajili yake. Kama pawa saplai haina plagi ya SATA ya pini 15, adapta ya kutoka Molex (plagi ya umeme ya zamani) inatosha.

Ukiingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka), usibadilishe SATA kuwa AHCI, hali nyingine ya kuiendesha. XP isiyo na draiva yake (programu ya kuiendesha) itakupa skrini ya bluu, 0x0000007B. Iache kwenye IDE.

4. Funga

Waya wa data, waya wa umeme, skurubu. Jampa hakuna.

Kwa mwenye laptop pia, ningemshauri achukue ya nje ya USB: USB 2.0 inaimudu DVD bila shida, na ataitumia kwenye mashine zote. Kasoro yake ni kwamba BIOS nyingine za zamani hazikubali kuwaka kutoka USB, kwa hiyo kama ndiyo utakayopigia Windows, nunua ya ndani. Yoyote utakayochukua, ijaribu kwanza kwa DVD-RW, ambayo ikikosea unaifuta, ndipo uguse diski za wateja.