Kabla hujanunua taa ya nyuma ya baiskeli

Taa ya mbele ikizimika utajua papo hapo, maana njia yenyewe inakupotea. Ya nyuma ikizimika, machoni pako hakibadiliki kitu. Unaendelea kukanyaga pedeli, unapiga mluzi ukitaka, na dereva anayekuja nyuma hajui kama mbele yake kuna mtu. Taa hii unainunua wewe lakini anayeitumia ni mwenzako, tena mtu usiyemjua, pengine amechoka, anatazama kupitia kioo chenye matone ya mvua. Ndiyo maana kuishika mkononi dukani na kubonyeza swichi mara tatu hakukwambii mengi.

Hilo nililijua kwa aibu kidogo. Nina koti la mvua refu linalofika mapajani. Msimu mzima nilipanda nalo nikiwa na taa mpya kwenye bomba la kiti, taa kali, ya kujivunia. Jioni moja rafiki aliyekuwa nyuma yangu alinifikia akaniuliza kwa nini natembea gizani. Tukasimama. Yeye akavaa lile koti, akakaa juu ya kiti, mimi nikarudi nyuma hatua ishirini kuangalia. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ila ilikuwa inamulika kitambaa cha koti kwa ndani. Kutoka nyuma kilichoonekana ni wekundu hafifu, kama kaa lililofukiwa jivuni.

Kwa hiyo anza na baiskeli yako, taa baadaye. Vaa nguo unazovaa siku zote, pakia mzigo unaobeba siku zote, halafu mtu akupige picha kutoka nyuma, simu ikiwa kwenye kimo cha macho ya dereva wa gari dogo. Picha hiyo itakuonyesha sehemu ipi haifunikwi na kitu. Kwa wengi si pale walipodhania. Mkoba unaoning'inia chini ya kiti hufunika bomba lote. Kiti cha mtoto hufanya vivyo hivyo. Mifuko ya pembeni huziba taa iliyofungwa chini kwenye fremu karibu na gurudumu. Ukiwa na keria, taa ya kufungwa kwa bolti mwisho wake ndiyo yenye raha zaidi, kwa kuwa iko nyuma ya kila kitu na hakuna koti linaloifikia. Keria nyingi huja na kibati chenye matundu mawili, na umbali kati ya matundu huwa milimita 50 au 80. Pima kabla, vinginevyo utarudi nyumbani na taa isiyoingia.

Kama unabaki na bomba la kiti, nalo lipime. Mabomba ya mviringo ya kawaida yana kipenyo cha milimita 27.2, 30.9 au 31.6, na mikanda mingi ya mpira huyashika yote. Tatizo ni mabomba bapa ya baiskeli za mashindano, ambayo huhitaji kishikio chake maalumu, la sivyo taa huzunguka na kuanza kumulika ukingo wa barabara. Kuna jambo jingine hapa ambalo watu wengi hawalioni. Bomba la kiti halisimami wima, limelalia nyuma. Pembe yake kwa kawaida hukaribia nyuzi 73, maana yake taa iliyobanwa sambamba na bomba inaangalia chini kwa nyuzi 17 hivi. Ikiwa iko sentimita 80 kutoka ardhini, kitovu cha mwanga wake kinagonga lami chini ya mita 3 nyuma yako. Umenunua taa ya kuonekana mbali, nayo inamulika vumbi la gurudumu lako mwenyewe. Taa iliyobuniwa vizuri huwa na kishikio kilichokatwa mshazari ili uso wake ukae wima, au kinachoweza kupinda. Iweke kwenye bomba, itazame kutoka ubavuni, hakikisha uso umesimama wima.

Taa ya kubandikwa kwenye helmeti au kitanzi cha begi naikubali kama ya pili tu. Kichwa kikigeuka inageuka nacho, na begi likilegea taa inatazama mbingu.

Sheria nayo iangaliwe mapema, kwa sababu inatofautiana kuliko watu wanavyofikiri. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma, yaani kile kipande kinachorudisha mwanga wa taa za gari, na iweze kuonyesha mwanga mwekundu nyuma; hapo nchi nyingi zinafanana. Baada ya hapo kila mtu na lake. Ujerumani hairuhusu taa ya baiskeli inayowakawaka, na inataka taa iliyoidhinishwa, ambayo utaitambua kwa alama ya mstari wa mawimbi na herufi K ikifuatwa na namba. Uingereza inaruhusu ya kuwakawaka, mradi iwake kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Hata kimo kimepangwa: Ujerumani ni kati ya sentimita 25 na 120 kutoka ardhini, Uingereza kati ya 35 na 150. Soma ya kwenu kabla hujalipa, hasa kama unaagiza kutoka nchi nyingine.

Sasa mwanga wenyewe, ambapo maboksi hupiga kelele zaidi. Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni lumeni, yaani jumla ya mwanga wote unaotoka, uende upande wowote. Dereva haathiriwi na jumla. Anaathiriwa na kile kinachomfikia yeye, na hicho hupimwa kwa kandela, ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Taa mbili zenye lumeni sawa zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa: moja imekusanya mwanga wote kwenye mshale mwembamba, nyingine imeutandaza. Ya kwanza inaonekana mbali sana ukiwa umesimama nyuma yake moja kwa moja, halafu ukisogea hatua mbili pembeni inakufa. Kwenye barabara iliyonyooka hiyo inatosha. Kwenye makutano, ambapo gari linakuja kutoka ubavuni, haikusaidii. Lijaribu hili jioni: iweke taa juu ya kiti, ondoka, kisha zunguka nusu duara ukiitazama muda wote. Angalia inapotea wapi. Mimi napendelea taa ambayo lenzi yake imejitokeza nje ya kasha, kwa sababu huonekana hata ukiwa ubavuni kabisa.

Umbali una maana kuliko ukali. Chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa na wewe unakwenda 20. Pengo kati yenu linapungua kwa kilomita 60 kwa saa, karibu mita 17 kila sekunde. Akikuona ukiwa mita 50 mbele, ana sekunde tatu za kutambua, kuamua na kukwepa. Akikuona ukiwa mita 200, ana sekunde kumi na mbili, na hapo hata dereva mzembe kidogo anatosheka. Lakini usichukue hesabu hii kama ruhusa ya kununua tochi nyekundu ya kupofusha watu. Mwanga mkali mno usiku humtia kiwi aliye nyuma, na mtu aliyetiwa kiwi hajui wewe ni mpana kiasi gani wala uko umbali gani. Mwendesha baiskeli mwenzako anayekufuata ndiye anayeteseka zaidi, maana macho yake yako kimo kimoja na taa yako. Ukali wa juu ni wa mchana, jua linapokuwa kali na mwekundu wa kawaida hauonekani. Kwa hiyo tafuta taa yenye ngazi, na ujiulize kama kweli utaweza kuibadilisha ngazi ukiwa njiani, kwa kidole kimoja, bila kupitia mitindo sita ya kumetameta ambayo hakuna aliyeiomba.

Kuwaka mfululizo au kuwakawaka? Kuwakawaka huvuta jicho haraka, hasa mchana na katikati ya taa nyingi za mji. Lakini gizani, kila inapozimika, jicho linapoteza alama, na kukadiria umbali kunakuwa kazi. Usiku naacha iwake mfululizo. Taa nyingine hufanya vyote viwili, zinawaka bila kuzimika na kuongeza mpigo mmoja mkali kila baada ya muda. Huo ndio mtindo ninaoutafuta kwanza, pale sheria inapouruhusu.

Betri ndiyo inayoharibu mipango ya wengi, nayo inahitaji hesabu ya nyumbani. Tuseme unasafiri dakika 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 500, zaidi ya saa nane. Boksi limeandikwa saa 40, unafurahi, lakini ukisoma maandishi madogo zile 40 ni za mtindo hafifu wa kuwakawaka. Kwenye mtindo utakaoutumia wewe ni saa nne. Maana yake utachaji katikati ya wiki, na siku utakayosahau ndiyo siku ya mvua. Nunua kwa kuangalia saa za mtindo wako, kisha ongeza akiba, kwa kuwa betri ya lithiamu huchoka kadiri miaka inavyokwenda na kwenye baridi hutoa kidogo. Na usiiache imekauka miezi mingi kabatini. Hapo ndipo nyingi hufia.

Uliza pia taa inakufaje. Nyingine hupungua polepole, nyingine hushikilia ukali uleule kisha huzimika ghafla, na nzuri zaidi hushuka zenyewe hadi kwenye mtindo hafifu ili ufike nyumbani. Kile kitaa kidogo cha kuonyesha chaji kiko wapi? Kikiwa nyuma ya kishikio, utakiona tu ukiivua. Betri za kubadilisha, zile ndogo za AAA, zinaonekana za kizamani, ila mbili za akiba mfukoni zinakurudisha barabarani kwa dakika moja. Vitaa vidogo vya betri ya kidonge, CR2032, ni vya dharura. Vinafaa kukaa kwenye begi, si kukubeba kila usiku.

Mwenye dinamo ya kwenye habu, yaani ndani ya kitovu cha gurudumu, ile ya volti 6 na wati 3, hana haja ya hesabu hizi. Yeye aulize jambo moja: je, taa inabaki inawaka baiskeli ikisimama? Zenye kapasita ndani, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, huendelea dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo unazozihitaji ukiwa umesimama katikati ya barabara ukisubiri kukata kona.

Maji. Kwenye boksi tafuta alama ya IPX, kipimo cha kuzuia maji: IPX4 ni kustahimili maji ya kurushwa kutoka kila upande. IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kwa mvua ya kawaida IPX4 inatosha, lakini kumbuka taa ya nyuma hainyeshewi na mvua tu, inapigwa na maji na tope la gurudumu kutoka chini, hasa baiskeli isiyo na madigadi. Na namba hizo zote zinachukulia kwamba kile kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kimefungwa. Niliwahi kuua taa nzuri kwa kusahau kukibonyeza baada ya kuchaji. Tangu hapo nakipenda kifuniko kinachoangalia chini, chenye ulimi mrefu wa kushika, na nakikagua hata kabla ya kuuliza lumeni.

Mkanda wa mpira uvute kwa nguvu dukani, mwenye duka akikunja uso mwache. Angalia kama unauzwa peke yake, maana jua litaukausha na utakatika kabla taa haijachoka. Kama kishikio ni cha kubana kwa mlio, kitikise. Barabara yenye mashimo itakitikisa zaidi. Kamba nyembamba kutoka kwenye taa hadi kwenye reli ya kiti imeokoa taa zangu mara mbili. Wanaoacha baiskeli nje siku nzima wafikirie bolti, kwa kuwa taa ya kuchomoa kwa mkono mmoja huchomolewa na mkono wowote.

Taa za kuongeza ukali unapofunga breki, taa za rada ya kukwambia gari linakuja: ni nzuri ukiwa na hela ya ziada, na kila kimoja hula betri. Kiakisi chekundu usikitoe ili kupata nafasi. Hakina swichi wala chaji, na usiku ambao umesahau vyote kitakuwa bado pale. Viakisi vya pedeli ndivyo ninavyovipenda zaidi, kwa vile vinapanda na kushuka, na hakuna kitu kingine barabarani kinachotembea hivyo.

La mwisho la kujaribu kabla ya kulipa: kaa juu ya kiti, peleka mkono nyuma bila kugeuka, utafute swichi kwa kugusa, ukiwa na glovu kama unazivaa. Iwashe. Kisha kinga kiganja nyuma ya taa na ukitupie jicho juu ya bega. Kiganja kikiwa chekundu, inawaka. Mimi hufanya hivyo kila ninapotoka kwenye taa za barabarani, na kama taa inakaa mahali ambapo mkono haufiki, siinunui.