Kufundisha sayansi na teknolojia kwa watoto wa miaka 11 hadi 14: anza na uzi, kompyuta itafuata

Walimu wenzangu, wengi tunasubiri maabara ikamilike ama kompyuta ziletwe ndo tuanze, wakati ustadi wenyewe, yaani kuuliza swali, kupima, kurekodi na kutengeneza kitu kinachofanya kazi, unaweza kuuanza kesho asubuhi kwa uzi, nati kadhaa za chuma, rula na saa ya simu. Hebu niwape somo moja la pendulamu (kitu kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea) ambalo linatembea kutoka kwenye uzi mpaka kwenye programu, we utalikata vipindi vitatu au vinne kulingana na darasa lako.

Funga nati kwenye uzi, ning'iniza kwenye ukingo wa meza, bembeza mbele yao afu uliza: ni nini kinafanya iende haraka au polepole? Usijibu. Kila mtoto aandike anachokisia na sababu yake, kwa kalamu sio penseli, manake wakishaona matokeo wanafuta kisirisiri. Wengi watasema kitu kizito kitaenda haraka, na hiyo ndo unayoitaka, kwa sababu sio kweli na wataligundua wenyewe.

Sasa makundi. Watatu watatu inatosha, mmoja anabembeza, mmoja anashika saa, mmoja anaandika, na wanabadilishana kila duru, la sivyo yule mwenye sauti kubwa atashika saa mpaka kengele ilie. Sheria ni moja tu: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilevile. Kama leo unabadilisha uzito basi urefu wa uzi usiguswe, na unapoivuta nati pembeni kuiachia, uivute kidogo na kiasi kilekile kila mara.

Hapa kuna mtego ambao walimu wengi wanaupita bila kuuona. Mtoto anaongeza nati kwa kuzifunga moja chini ya nyingine, matokeo yanabadilika, anakuja mbio anakwambia mwalimu uzito unaleta tofauti! Kumbe kilichobadilika ni urefu, maana urefu wa pendulamu unapimwa kutoka pale ulipofunga hadi katikati ya kile kitu kinachoning'inia, sio mwisho wa uzi. Nati zote zitundikwe sehemu moja, zikae pamoja. Na wakishaanguka kwenye huo mtego usiwaokoe haraka, waulize tu "ni kitu gani kingine kimebadilika hapo?" ukae kimya. Dakika hizo za kukuna kichwa ndo somo lenyewe, mimi ningekuwa na muda mfupi ningekata vingine vyote nikabakiza hii.

Kupima nako kuna namna yake. Wasipime mbembeo mmoja, kidole kinachelewa kubonyeza na kwenye sekunde moja kuchelewa huko ni kukubwa sana. Wapime mibembeo 10 (kwenda na kurudi ni mmoja) wagawanye kwa 10, warudie mara tatu. Anayehesabu aanze na "sifuri" pale saa inapoanza, sio "moja", manake akianza na moja atakuwa amepima mibembeo 9 akidhani ni 10. Uzi wa sentimita 25 utawapa kama sekunde 10 kwa mibembeo 10, na uzi wa mita moja kama sekunde 20. Yaani urefu umekua mara nne, muda mara mbili tu. Kundi likileta namba zilizo mbali sana na hizo, rudi uangalie kuhesabu kwao kabla hujaangalia kitu kingine.

Ndo sasa teknolojia iingie, na iingie kwa sababu wanaihitaji. Wakiwa wamechoka kugawanya kwa mkono wapeleke kwenye spredishiti (programu ya majedwali kama Excel), na wasiandike majibu ya kikokotoo, waandike fomula kama =B2/10 (B2 ni kisanduku chenye muda wa mibembeo 10) waiburute chini. Wachore grafu ya urefu na muda. Itapinda, kuna watakaolazimisha mstari wa rula upite, wazuie.

Kwenye kuandika programu tumia Scratch, ambayo mtoto anaunganisha vipande vya maelekezo badala ya kuandika kodi, ni ya bure, unaweza kuidaunilodi ukatumia bila intaneti na ina Kiswahili pia. Kazi yao: watengeneze saa ya pendulamu, ukibonyeza kitufe cha spesi kila nati inapopita upande uleule programu inahesabu, na mibembeo 10 ikitimia inasema muda wa mbembeo mmoja. Karibu kila kundi saa yao itasimama mapema, kwa sababu mibembeo 10 inahitaji mibonyezo 11. Ile sifuri ya juzi imerudi, na safari hii wao wenyewe watakwambia tatizo liko wapi. Kama hakuna kompyuta hata moja waandike maelekezo kwenye karatasi, hatua kwa hatua, afu mtoto wa kundi lingine ayatekeleze kama mashine, afanye kilichoandikwa tu bila kuongeza akili yake. Watacheka sana ila makosa yataonekana yote.

Maksi usitoe kwa jibu sahihi tu, majibu watanakiliana. Angalia daftari: alikisia nini, alibadilisha nini baada ya matokeo kukataa, jedwali lina vipimo vya sekunde na sentimita au namba zinaelea tu.

Jaribio la mwisho nalipenda hili: waambie watengeneze pendulamu yenye mbembeo wa sekunde 1.5 kamili, urefu wasome kwenye grafu yao kabla ya kukata uzi, na kukata ni mara moja. Jibu liko karibu na sentimita 56. Ukiona kundi linaanza kukata uzi kwa kubahatisha, warudishe kwenye grafu.